Perege Sita na Ubao Mmoja

Makao ya Kamisheni ya Ziwa,
3 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo. Shikamoo ya pili mpelekee mkazamjomba, maana najua ataniuliza kama nilimtaja. Sisi huku hatujambo. Goti la mama limetulia tangu aanze kukanyaga cherehani kwa mguu mmoja. Anasema mguu wa pili umestaafu bila barua.

Ningeweza kupiga simu, lakini uliniambia zamani kwamba maneno ya simu hayafungwi kwenye faili. Kwa hiyo naandika.

Unakumbuka mwaka jana vituo vya nchi zote tatu vilianza kuwavika perege alama yenye namba kwenye pezi la mgongo, kisha kuwarudisha majini. Sasa namba hizo zinanifikia mimi mezani. Perege namba 417 alipimwa katika kituo cha Ng'ambo tarehe 6 Novemba akawa na sentimita ishirini na nusu. Wewe ulimvua tarehe 17 ukaandika ishirini na mbili na nusu. Sentimita mbili kwa siku kumi na moja! Ninao sita wa namna hiyo. Wawili kati yao walipimwa kwako kwanza, halafu wakavuliwa Ng'ambo, na hao wamepungua urefu kwa sentimita mbili. Samaki kukonda nimeona, mjomba. Kufupika sijaona.

Jambo hili halisubiri. Tarehe 18 Julai wajumbe wa nchi tatu wanakutana kuamua kama Ghuba ya Mazalia ifunguliwe kwa nyavu, baada ya kufungwa miaka kumi na mitano. Wanaotaka ifunguliwe wanashikilia takwimu za kituo chako: perege wa upande wako walikuwa na wastani wa sentimita ishirini na moja, sasa wana ishirini na tatu, basi ziwa limepona. Mchoro wa takwimu hizo ndio uliokuwa moyo wa ripoti yangu ya kwanza, ile iliyoniingiza kazini. Umebandikwa ukutani katika chumba cha mikutano.

Naomba picha ya ubao wako wa kupimia, ukiwa na rula ya chuma pembeni yake.

Mpwa wako


Kituo cha Kaskazini,
24 Machi

Kwa mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako ilikaa posta siku tisa kwa sababu uliandika namba ya sanduku la zamani. Mkazamjomba wako alisoma sehemu inayomhusu mara mbili, kisha akanirudishia iliyobaki akisema, "Haya ya samaki ni yenu." Hajambo. Bati la paa la kituo lilipeperuka upande mmoja, tumelirudisha.

Kuhusu ulichouliza. Nimefanya kazi hii miaka thelathini na mmoja. Perege analazwa kwa ubavu, mdomo unagusa kizuizi cha ubao, mkia unanyooshwa kwa vidole viwili, nasoma, natamka kwa sauti, naandika. Siandiki kwanza nikasoma baadaye. Watu wa mwaloni, pale ufukweni wanapouzia samaki, wananiita Bwana Rula, nami sijawahi kulikataa jina hilo.

Ubao niliukagua alasiri ileile barua yako ilipofika. Ubao ni mzima. Picha haitawezekana.

Ukitafuta kosa, anza Ng'ambo. Wewe hukuwa na akili za kikubwa wakati ule, kwa hiyo nakueleza. Zamani kila mwaka vituo viwili vilikuwa na siku ya kupima pamoja: perege ishirini walewale, kwa ubao wetu na kwa ubao wao, ili ijulikane kwamba sentimita yetu ni sentimita yao. Miaka kumi na miwili iliyopita Mzee wa Ng'ambo, mpimaji wao, alifika akiwa amechelewa saa mbili. Nilipomuuliza, alinijibu mbele ya wavuvi, "Samaki hawana saa." Nilikuwa nimeshawapima peke yangu. Alikataa kutia sahihi. Tangu siku hiyo kila mtu anapimia kwake. Mtu asiyejua saa, atajuaje sentimita?

Utakapojibu, niandikie habari za mama yako kwa kirefu. Bado anashona nguo za watu, au ameacha? Na usilifikishe jambo hili popote kabla hujaniandikia tena.

Mjomba wako


Makao ya Kamisheni,
11 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Habari za mama kwa kirefu, kama ulivyoagiza: bado anashona, mapazia zaidi kuliko nguo, kwa sababu madirisha, anasema, hayanenepi kati ya siku ya kupima na siku ya kujaribu. Anakusalimu. Amenunua miwani mpya na anagombana nayo.

Mjomba, usinikasirikie. Nimelala nyumbani kwako likizo nane, najua unavyochagua maneno. Umeandika kwamba ubao ni mzima. Nilikuuliza kama ni sahihi.

Kuhusu Ng'ambo: niliagiza picha ya ubao wao. Imefika. Ni ule wa bati uliotolewa na Kamisheni, nao hauna tatizo. Kwa hiyo naomba tena picha ya wako. Au ifanyike upya siku ya kupima pamoja. Boti ya abiria inavuka kila asubuhi. Ninyi wawili mna umri wa miaka mia na thelathini mkijumlishwa, hamwezi kushinda saa mbili za zamani?

Ofisini hapa hakuna neno lolote bado. Nimebaki na miezi mitatu.

Mpwa wako


Kituo cha Kaskazini,
29 Mei

Kwa mpwa wangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu kwa wiki sita, na sitakupa sababu.

Mkazamjomba wako alikuwa na homa, amepona. Maji yamepanda hadi ngazi ya pili ya kituo. Ndege weupe wamerudi kwenye matete kwa wingi, mwambie anayehesabu ndege.

Ndani ya bahasha hii utakuta kauli yenye sahihi yangu na muhuri wa kituo. Inasema kwamba macho yangu yamedhoofika kwa miaka mingi, kwamba nilikuwa nikisoma ubao vibaya, na kwamba kosa lote ni langu. Ipeleke kwa Mkuu wako wa Takwimu. Nastaafu mwezi wa Agosti, hakuna litakalonipata. Ile hafla waliyosema wataniandalia, ya hati ya heshima ya nchi tatu, waifute. Sikuiomba.

Kuhusu ubao, usiulize tena. Haupo kituoni. Nimeomba mpya, na hii ni mara ya nne naomba.

Endelea na kazi yako. Una miaka ishirini na minane, na mbele yako kuna kazi ndefu. Huu si wakati wako wa kuharibikiwa.

Mjomba wako


Makao ya Kamisheni,
10 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Leo sina salamu nyingi.

Kauli yako sijampa mtu. Nimeisoma mara nyingi, na kila nikiisoma nakasirika. Mtu mwenye macho mabovu anakosea leo kwa nusu, kesho kwa tatu, siku nyingine anapatia kwa bahati. Perege sita wote wamekosewa kwa sentimita mbili kamili. Macho gani hayo yenye adabu kiasi hicho?

Nami nilikuficha jambo. Niliposema ofisini hakuna neno, haikuwa kweli. Mkuu wa Takwimu aliwaona wale perege kabla yangu. Aliniambia tangu Februari: isipojulikana kosa limetoka wapi, atafuta takwimu zote za kituo chako, miaka thelathini na mmoja, hata ile ya mwanzo kabisa. Kauli yako ndiyo kisu anachokitafuta. Macho hayana tarehe ya kuanza wala kiasi cha kutoa. Akishafuta, upande wetu wa ziwa utakuwa hauna kumbukumbu, na wanaotaka ghuba ifunguliwe watasema, "Ushahidi wa kutukataza uko wapi?" Nyavu zitaingia kwenye mazalia mwezi unaofuata.

Nilikuficha kwa sababu nilidhani unaficha uzembe wako, nikataka kukupa nafasi ya kusema mwenyewe. Nisamehe kwa hilo.

Sasa sikiliza. Jumapili mchana mama alikuwa anapima dirisha la jirani. Akavuta tepu, akasema, "Mia na arobaini." Mimi nilikuwa nimeshika ncha ya pili.

"Mama, hapa pameandikwa mia na arobaini na mbili."

"Ala! Mazoea hayo. Tepu yangu ya zamani ilichanika ncha, nikaikata sentimita mbili. Miaka yote nikawa napima halafu napunguza mbili kichwani. Hii ya pili ninayo miaka mingi, na bado kuna siku kichwa kinapunguza."

"Ile ya zamani iko wapi?"

"Unaniuliza mimi? Si uliibeba wewe likizo ile ulipokwenda kwa mjomba wako? Ulisema mna kitu cha kubandika."

Mjomba, nilikaa chini palepale, nimeshika ncha ya tepu. Mama akadhani ni kizunguzungu.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Namba za ubao wenu zilikuwa zimefutika kwa ute wa samaki, na maombi yako ya ubao mpya hayakujibiwa. Nikabandika tepu ya mama. Ncha yake haikutulia, nikaigongomea kipande cha bati. Namba ya kwanza iliyoonekana baada ya bati ilikuwa tano. Nikaridhika.

Ni mimi, na wewe ulijua tangu Machi. Nijibu.

Mpwa wako


Kituo cha Kaskazini,
24 Juni

Kwa mpwa wangu,

Marahaba, na pole kwa kizunguzungu.

Nilijua. Alasiri barua yako ya kwanza ilipofika niling'oa lile bati kwa bisibisi. Chini yake tepu inaanzia mbili. Nikaugeuza ubao, na nyuma yake nikakuta mwandiko wako wa penseli: *Kazi ya mpwa wa Bwana Rula*, na tarehe. Nilikufundisha mwenyewe kwamba anayetengeneza kifaa huweka alama yake.

Nikachukua randa nikwangue mwandiko huo. Ingekuwa kazi ya dakika mbili. Randa ilikaa mezani kwangu tangu Machi hadi juzi, na sikuitumia. Badala yake nilikaa kimya, na baadaye nikatia sahihi uongo. Hayo si bora kuliko randa. Ubao niliuficha kabatini chini ya mashuka, mpaka mkazamjomba wako akauliza ni nani aliyehifadhi perege kitandani mwake.

Lakini usijitwishe yote. Siku ile ulipomaliza kubandika uliniletea nikiwa nimekaa kwenye kigoda. Rula ya chuma ilikuwa mfukoni mwangu. Nimepima kwa rula hiyo upana wa milango, urefu wa kucha za mamba aliyekufa, unene wa mkate wa mkazamjomba wako. Ubao wako sikuupima. Niliutazama tu nikasema, "Kazi safi." Ni kwa sababu ulikuwa wako. Angebandika mtu mwingine, ningempimia mbele yake hadi alie. Na kama siku ya kupima pamoja isingekufa kwa kiburi changu, kosa lingeonekana mwaka uleule.

Kwa hiyo nilimwandikia Mzee wa Ng'ambo, tukakubaliana saa tatu asubuhi. Nilivuka kwa boti ya kwanza nikiwa na ubao kwapani, umefungwa kwenye shuka. Nilifika saa tatu kasoro dakika tano. Alikuwa amesimama getini.

"Niko hapa tangu saa mbili," alisema. "Umechelewa, Bwana Rula."

"Tulisema saa tatu."

"Samaki hawana saa. Ingia, chai inapoa."

Tulipima perege ishirini, kwanza kwa ubao wake, kisha kwa wangu. Tofauti ilikuwa sentimita mbili kwa wote ishirini, bila kuzidi wala kupungua. Aliweka kalamu chini akacheka mpaka akakohoa.

"Miaka yote hii nawaambia watu, samaki wa Bwana Rula wanalishwa hamira! Kumbe hamira yenyewe iko kwenye ubao."

Nilimwacha acheke. Ilikuwa haki yake. Alipotulia akaniuliza ni nani aliyebandika, nikamwambia. Akasema, "Ana bahati huyo mtoto. Amekosea sawasawa."

Maneno hayo nimerudi nayo kwenye boti. Umekosea kwa kiasi kimoja, tangu siku inayojulikana, na tarehe umeiandika mwenyewe kwa penseli. Kosa la namna hiyo linatolewa, na kinachobaki ni kweli. Macho yangu ya uongo hayawezi kutolewa.

Ubao nimemkabidhi nahodha wa meli ya mizigo, utaupata kabla ya barua hii au pamoja nayo. Fomu ya perege ishirini ina sahihi mbili. Sijaifuta penseli yako.

Kauli yangu unayo bado. Ukiitumia, wewe utapona na kazi ya kituo itakufa. Ukiupeleka ubao, kituo kitapona na sijui wewe utakuwaje. Mimi nimeshaamua mara mbili kwa niaba yako na mara zote nimeamua vibaya. Sitaamua tena.

Mjomba wako


Makao ya Kamisheni,
21 Julai

Mjomba wangu,

Shikamoo, wewe na mkazamjomba, na ukivuka, shikamoo nyingine kwa Mzee wa Ng'ambo. Mama anasema ubao usirudi nyumbani kwake, unanuka.

Kikao kilikuwa Alhamisi. Nilifika na ubao kwenye mfuko wa mapazia. Mezani walikuwa wajumbe kumi na wawili, wanne kutoka kila nchi, na nyuma yao ukutani mchoro wangu, ule mstari unaopanda. Mjumbe anayetaka ghuba ifunguliwe alianza kwa kuunyooshea kidole. "Mstari huu unatosha," alisema. "Kwa nini tunapoteza muda?"

Bahasha yenye kauli yako ilikuwa kwenye mkoba wangu. Sitakudanganya, mjomba. Niliishika. Niliwaza jinsi ingekuwa rahisi kusema, mjomba wangu mzee, macho yake, mnisamehe. Wangenionea huruma.

Nikatoa ubao, nikaulaza mezani, nikaweka rula ya chuma pembeni. Nikawaonyesha palipokatwa. Nikasoma fomu ya perege ishirini, mmoja mmoja, mpaka mwenyekiti akasema inatosha, nikasema bado wanne, nikamaliza. Nikaomba waondoe sentimita mbili kwa kila perege wa Kituo cha Kaskazini, kwa miaka kumi na mmoja, kuanzia tarehe ile.

"Tarehe hiyo mmeijuaje?" mjumbe yule aliuliza. "Isije ikawa imetungwa jana."

Nikaugeuza ubao. Ukapita mkono kwa mkono. Ulipomfikia akasoma kwa sauti, kisha akainua macho.

"Mpwa wa Bwana Rula ni nani? Tunaweza kumhoji?"

"Mnaweza sasa hivi," nikasema. "Ni mimi."

 Mkuu wa Takwimu alikuwa akiandika, akaacha. Hakuna aliyenifokea, na hilo lilikuwa gumu zaidi. Walinihoji saa nzima. Waliuliza kama nilijua wakati naandika ripoti yangu. Nikasema sikujua, lakini niliona mstari unapanda, nikaupenda, sikuuliza kwa nini.

Alasiri walirudia hesabu mbele yetu sote. Mstari ulilala chini, mjomba. Perege wa upande wetu hawajarefuka hata kidogo kwa miaka kumi na mmoja. Hawajafupika pia. Ghuba imewazuia kuisha tu, haijawaponya bado. Nchi mbili zikapiga kura ibaki imefungwa, na ya tatu ikakubali baada ya mapumziko. Takwimu zako zote zimebaki. Siku ya kupima pamoja imerudishwa, kila mwaka, vituo vyote vya nchi tatu, na wamekataa kuiita kwa jina la mtu yeyote.

Hafla yako imeahirishwa bila tarehe. Mchoro wangu umebanduliwa ukutani, umebaki mraba mweupe. Mimi nimeondolewa kwenye ripoti. Mkuu aliniita ofisini, akasema, "Utakwenda kukagua mbao za kupimia. Zote." Vituo ni kumi na vinne. Hakuniambia baada ya hapo nitafanya nini, nami sikuuliza. Nilitoka nikaenda nikalia chooni, kisha nikaenda stoo kuomba rula ya chuma.

Kauli yako nakurudishia humu. Hakuna aliyeisoma ila mimi.

Mpwa wako


Kituo cha Kaskazini,
6 Agosti

Kwa mpwa wangu,

Marahaba. Safari hii umeandika namba sahihi ya sanduku, barua imefika kwa siku tatu.

Kauli nimeichoma kwenye jiko la mkazamjomba wako, akaniuliza kama huo ndio msaada wangu wote wa jikoni kwa mwaka huu. Habari za kikao alizisoma zote, na hakusema kwamba ni za samaki.

Nimeomba nikae kituoni hadi mwisho wa Oktoba. Nimeona kwenye orodha ya ukaguzi iliyotufikia kwamba kituo chetu ni cha saba. Usikisogeze kiwe cha kwanza, watasema upendeleo. Usikiache kiwe cha mwisho, watasema unaogopa.

Maombi yangu ya ubao yamejibiwa mara hii. Wameleta ubao mtupu, bila namba, pamoja na tepu mpya ya chuma ndani ya karatasi yake. Sijaifungua. Fundi wa boti alijitolea kuibandika, nikamwambia kazi hiyo ina mwenyewe.

Njoo uibandike. Penseli iko mezani, na nyuma ya ubao ni peupe. Mimi nitakaa kwenye kigoda kilekile, rula mfukoni, na utakaponiletea nitapima kwanza, ndipo nikusifu.

Mjomba wako